Namba Moja Iliyonirudisha Mikono Mitupu

Mzee mwenye duka la silaha kule Czech aliilaza bunduki juu ya kitambaa cha kijani, akavaa miwani, akachukua karatasi yangu iliyotoka Ujerumani na kuanza kulinganisha namba. Kidole kimoja kwenye chuma, kingine kwenye karatasi. Tarakimu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwenye ya nne akasimama. Akarudi mwanzo, akasimama palepale. Kisha akaigeuza karatasi nami nikaona: kwenye karatasi kulikuwa na 7, kwenye chuma kulikuwa na 1.

Hakubishana nami wala hakunifokea. Aliichukua bunduki, akairudisha kabatini, akafunga. "Hii si bunduki iliyoandikwa humu," alisema kwa Kijerumani cha watu wa mpakani. Nilikuwa nimeshalipa kila kitu, nimeomba siku mbili kazini, na kwenye buti ya gari kulikuwa na sanduku la kufungia nililolinunua kwa ajili ya safari hiyo. Nikarudi Ujerumani na sanduku tupu.

Naandika haya kwa sababu kila nikikutana na Mswahili mwenzangu huku Ulaya aliyeanza kuwinda, swali huwa lilelile: nasikia Czech bunduki ni nafuu, mtu anakwenda tu na kurudi nayo? Kwenda unakwenda. Kurudi nayo ndiko kwenye maneno.

Nimekulia Itigi, Tanzania, kwenye kota za idara. Baba alikuwa askari wa wanyamapori katika Pori la Akiba Rungwa. Bunduki haikulala nyumbani kwetu hata siku moja. Ililala ghalani, na baba aliichukua asubuhi ya doria kwa sahihi na kuirudisha kwa sahihi. Risasi alipewa kwa hesabu. Akipewa kumi, alirudisha kumi, au nane na maganda mawili, na chini ya maganda hayo maelezo: wapi, saa ngapi, kwa nini. Alikuwa na daftari lake mwenyewe pia, mbali na lile la ofisi, la jalada gumu jeusi, ambalo aliliandika jioni kwa mwanga wa koroboi. Mara moja nilimwuliza kwa nini anaandika mara mbili. Akanijibu, "Mama, mali bila daftari hupotea bila habari. Na hii si mali, hii ni roho za watu."

Kwenye chuma cha bunduki ile kulikuwa na herufi nne: BRNO. Sisi watoto tulisoma "Bruno", tukaamini ndilo jina la mzungu mwenye kiwanda. Nilikuwa mtu mzima, tayari nikiishi Ujerumani, nilipoona kibao cha barabara kuu kinachoelekeza mji wa Brno, kule Czech. Nilisimama kituo cha mafuta kilichofuata, nikampigia baba simu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe ni mahali."

Ni mahali, ingawa bunduki zile zenyewe, zile za aina ya ZKK zilizoanza kutoka miaka ya 1960, zilitengenezwa Uherský Brod, mji mdogo wa Moravia, mashariki mwa Czech. Jina la Brno lilibaki kwenye chuma. Ile kubwa, ZKK 602, ndiyo iliyobeba risasi nzito za .375 na .458, na ndiyo iliyotembea sana kwenye mapori ya Afrika. Ya baba ilikuwa hiyo. Niliyoitaka mimi ni dada yake mdogo, ZKK 600, ya risasi ya .30-06. Nyati na tembo hawako huku. Huku nakutana na nguruwe pori na paa wadogo.

Uwindaji nilianzishwa na mgonjwa mmoja, bibi wa miaka themanini hivi niliyemhudumia wodini, mjane wa mwindaji na mwindaji mwenyewe. Alipojua baba yangu alikuwa nani, hakunipa nafasi ya kukataa. Wakati ule Sachsen, jimbo ninaloishi, ilikuwa na shida kubwa ya homa ya nguruwe ya Afrika. Ugonjwa uliingia Ujerumani Septemba 2020 upande wa Brandenburg, jimbo jirani, na kabla mwaka haujaisha ukawa umefika kwetu. Binadamu haumdhuru, lakini ukiingia zizini haubakizi, na nguruwe pori ndio wanaoutembeza msituni, kwa hiyo wawindaji walihitajika. Iliniuma kidogo, na bado inaniuma, kila mara kusikia jina la bara langu likitajwa pamoja na mizoga. Ugonjwa huo ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza Kenya mwaka 1921, na ngiri wetu wanaishi nao bila kuugua. Ulivyosafiri hadi huku ni kazi ya binadamu na shehena zao.

Ili uwinde Ujerumani lazima ufaulu mtihani wa maandishi, wa mdomo na wa shabaha. Wenyewe wanauita mtihani wa kijani, wakiufananisha na ule wa kumaliza sekondari, na hawatanii. Sheria, miti, magonjwa, mbwa, kupasua nyama, silaha. Nilisoma baada ya zamu za usiku, na nilifaulu masika ya mwaka 2023. Nikapata Jagdschein, leseni ya kuwinda, baada ya ofisi kunichunguza kama mimi ni mtu wa kuaminiwa na baada ya kuonyesha bima ya uwindaji.

Na hapo ndipo mtego ulipo. Mwenye Jagdschein akiingia duka la silaha ndani ya Ujerumani, anaonyesha leseni yake, analipa, anatoka na bunduki ya mtutu mrefu siku hiyohiyo. Baada ya hapo ana wiki mbili za kuiandikisha kwenye Waffenbesitzkarte, kadi ya kumiliki silaha. Wenzangu wote wa kikundi cha kuwinda walikuwa wamenunua hivyo maisha yao yote. Nilipowaambia nimeona ZKK nzuri upande wa pili wa milima ya Erzgebirge, ile ya mpakani na Czech, mwendo usiofika saa mbili kwa gari, walinijibu kwa uzoefu huo: chukua leseni yako, nenda. Mmoja aliongeza, tena kwa nia njema kabisa, kwamba nichukue pasi ya Ulaya ya silaha na kila kitu kitakuwa sawa.

Pasi hiyo ipo, na ni kitu kizuri. Ni kijitabu ambacho silaha zako huandikwa ndani yake, na mwindaji akialikwa kuwinda nchi nyingine ya Umoja wa Ulaya, anavuka na bunduki yake kwa kuonyesha pasi na mwaliko. Lakini inahusu bunduki ambayo tayari ni yako na tayari imeandikwa. Bunduki unayokwenda kuinunua haimo humo na haiwezi kuwemo. Ukiingia nayo Ujerumani kwa kutegemea pasi, umeingiza silaha bila kibali. Hapo ndipo leseni inapopotea, na kwa mgeni kama mimi mwenye kibali cha kuishi, huenda na mengine yakafuata. Nashukuru kwamba nilipiga simu ofisi ya silaha ya wilaya kabla ya kumsikiliza mtu mwingine.

Njia halali ni moja, na imetoka kwenye sheria ya pamoja ya Umoja wa Ulaya kuhusu silaha, ile ya mwaka 1991 iliyoandikwa upya mwaka 2021. Nchi unayoishi inatoa kwanza ridhaa: tunamjua mtu huyu, na tunakubali silaha hii aje nayo. Ridhaa hiyo inapelekwa kwa muuzaji. Muuzaji anaipeleka kwa polisi wa nchi yake, nao wanatoa kibali cha kuitoa silaha. Kibali hicho kinasafiri na bunduki mpaka mlangoni kwako. Hakitumwi baadaye kwa barua pepe wala hakiachwi dukani. Kisha unaiandikisha nyumbani. Ridhaa, kibali, safari, uandikishaji. Ukibadilisha mpangilio huo hata kidogo, umekwama au umevunja sheria.

Mimi niliubadilisha kwenye pesa. Julai 2024 nilikwenda kuiona bunduki, nikaipenda, nikalipa koruna 13,000, kama euro 520 za wakati ule, kabla sijaomba ridhaa. Niliogopa mwingine asinitangulie. Muuzaji alikuwa mtu mwaminifu na hakuna senti iliyopotea, lakini nililala miezi mitano nikiwa nimelipia kitu nisichokuwa na haki ya kukigusa nje ya duka lile. Kama ofisi ya kwetu ingekataa, ningekuwa na risiti tu. Leo ningetoa kiasi kidogo cha kushikilia, na ningeandikiana naye kwamba ridhaa ikikataliwa kinarudi.

Siku ile ya Julai, hata hivyo, kuna jambo nililolifanya vizuri: niliichunguza bunduki kwa utulivu. Nilitoa bolti, kile chuma kinachofunga nyuma ya mtutu, nikaangalia ndani ya mtutu kwa mwanga wa dirishani: mistari iliyochongwa ya kuizungusha risasi ilikuwa mikali, hakuna vidoti vya kutu. Niliangalia mdomo wa mtutu kama umegongwa mahali. Nikaangalia mbao ya kitako nyuma kidogo ya chuma, pale nguvu ya mshindo inapokwenda kugota; ufa wa hapo huanza kama unywele na watu huupaka nta usionekane. Baba alinifundisha kupitisha ukucha, si kutazama tu. Ukucha haukunasa.

Kisha nikatafuta muhuri wa upimaji. Hili wengi hawalijui. Kila mtutu huku hufyatuliwa kwanza kwenye kituo cha serikali kwa risasi yenye nguvu kuliko ya kawaida. Ukihimili, unagongwa muhuri. Nchi kadhaa zimekubaliana kuheshimiana mihuri hiyo chini ya chombo kinachoitwa C.I.P., kilichoundwa mwaka 1914 na makao yake yako Brussels. Czech na Ujerumani zote ni wanachama, kwa hiyo ule muhuri mdogo wa picha ya simba uliogongwa kwenye mtutu wangu ulitosha. Marekani si mwanachama, na Sweden pia si mwanachama. Jamaa mmoja wa kikundi chetu alileta bunduki ya Kimarekani, akalazimika kuipeleka kupimwa Suhl, mji wa Ujerumani wenye kituo cha upimaji, na gharama pamoja na kusubiri vilikula nafuu yote aliyoipata kwenye bei.

Swali la pasipoti yangu lilimtia wasiwasi mzee wa duka kuliko lilivyonitia mimi. Alikuwa ameuzia Wajerumani wengi, lakini hajawahi kumwuzia mtu mwenye pasipoti ya Tanzania. Aliipekua mbele nyuma, kwa heshima, akaomba radhi kwa kuuliza. Nikamwonyesha kibali cha kuishi na Jagdschein. Sheria inaangalia unaishi wapi, si umezaliwa wapi, na ridhaa inatoka kwa ofisi ya mahali unapoishi. Alipiga simu polisi wa kwao mbele yangu kuhakikisha. Nilifurahi alivyopiga. Afadhali muuzaji anayeuliza mara tatu kuliko anayekwambia hakuna shida.

Basi, namba. Siku hiyo nilipoondoka alinipa kikaratasi alichokiandika kwa mkono: aina, risasi, namba ya bunduki. Hizo ndizo taarifa ambazo ofisi huzitaka kwenye fomu. Niliporudi nyumbani nilijaza fomu kutoka kwenye kile kikaratasi. Sasa sikiliza. Huku mtu akiandika 1 kwa mkono, huanza chini, akapanda na mstari mrefu wa kuinama, kisha akashuka wima. Kwa jicho la mtu aliyefundishwa kuandika Itigi, hiyo ni 7, haina mjadala. Saba yao wao hukatwa kistari katikati. Nimeishi huku miaka kumi, najua jambo hilo, nimesoma chati za wagonjwa zilizoandikwa hivyo. Kazini dawa naisoma mara mbili na ya tatu namsomea mwenzangu. Fomu ile niliijaza saa mbili asubuhi nikitoka zamu ya usiku, nikaisoma mara moja, nikaituma.

Ofisi haikuwa na njia ya kujua. Wiki tatu baadaye ridhaa ikaja, imepigwa muhuri, ya bunduki isiyokuwepo. Nikaituma Czech. Mzee akaipokea kwenye kompyuta, akaangalia jina na aina, akaniambia njoo tukamilishe. Alipoiweka karatasi kando ya chuma ndipo ikajulikana.

Njiani kurudi niliwaza mengi ambayo sasa naona haya kuyawaza. Tarakimu moja. Bunduki ni ileile, mtu ni yuleyule. Kwani angeniachia ingekuwaje? Lakini nilipofika juu milimani, penye ukungu, nikakumbuka siku moja baba aliporudi doria na maganda mawili badala ya matatu. Alikuwa amefyatua mara tatu kumtisha tembo aliyekuwa anaingia mashambani. Ganda la tatu lilitumbukia majanini. Alirudi kesho yake mwenyewe, mwendo wa saa nne kwa miguu, akapiga magoti pale akitafuta kipande cha shaba chenye urefu wa kidole. Alilipata. Alirudi usiku, miguu imevimba, akaliweka mezani kwa mkuu wake. Mama alilalamika kwamba kwa ganda moja mtu anajiua, naye hakujibu kitu. Ni pale milimani nilipoelewa kwamba mzee yule wa Czech alinifanyia jambo la kiungwana. Bunduki yenye namba ambayo haiko kwenye karatasi yoyote ni bunduki isiyo na mwenyewe, na bunduki isiyo na mwenyewe huku inaweza kuishia mkononi mwa yeyote.

Nikaanza upya. Safari hii niliomba picha ya namba yenyewe kwenye chuma, iliyopigwa kwa karibu na mwanga wa pembeni ili kivuli kijaze michongo. Nikaambatisha picha kwenye ombi pamoja na barua fupi ya kueleza kosa na kurudisha ile ridhaa ya kwanza. Ofisa aliyeipokea alinipigia, akanisomea namba tarakimu kwa tarakimu kwenye simu, mimi namjibu. Wiki mbili. Kisha polisi wa Czech siku kumi. Ridhaa ina muda wake wa kutumika, kwa hiyo usiombe ukiwa hujajua likizo yako iko lini.

Wakati nasubiri nilimaliza mambo ya kabati. Ujerumani bunduki inalala kwenye kabati la chuma la daraja sifuri la kiwango cha Ulaya cha EN 1143-1. Yale mepesi yaliyouzwa zamani hayakubaliki tena kwa anayeanza sasa, tangu Julai 2017. Nunua lenye kufunguliwa kwa tarakimu. Agosti 2023 mahakama ya Münster ilisema kwamba ufunguo wa kabati la silaha nao lazima ulale mahali penye usalama wa kiwango kilekile, maana yake ufunguo wa kabati unahitaji kabati. Langu lilikuwa ghali kuliko bunduki, na vijana wawili walitoka jasho kulipandisha ghorofa ya pili. Hilo liweke kwenye hesabu yako kabla hujafurahia bei ya Czech. Weka na darubini ya kulengea: mgongo wa chuma wa ZKK una mifereji yake maalumu, na vishikizo vinavyoingia hapo havipatikani kila duka. Vyangu viligharimu karibu nusu ya bei ya bunduki.

Desemba nikaenda tena. Mzee akavaa miwani, kidole kwenye chuma, kidole kwenye karatasi, mpaka mwisho. Akanyanyua kichwa akanipa mkono. Nilitamani kununua na risasi, kwa sababu kule ni nafuu, akanikatalia: risasi nazo zinahitaji kuruhusiwa kuvuka, na karatasi yangu ilitaja bunduki tu. Nilizinunua baadaye Ujerumani kwa leseni yangu, bila taabu. Bolti akaitoa, akaifunga peke yake. Bunduki ikaingia kwenye sanduku, kufuli likafungwa, sanduku likawekwa kwenye buti, ufunguo nikauvaa shingoni.

Mpaka wenyewe uko juu milimani kwenye barabara kuu ya Prague kwenda Dresden. Kwa miaka mingi watu walipita hapo bila hata kupunguza mwendo, lakini Oktoba 2023 Ujerumani ilirudisha ukaguzi. Nilijua nitasimamishwa. Mwanamke mweusi peke yake kwenye gari, jioni ya Desemba. Huwa nasimamishwa hata nikiwa na viazi tu. Kwa hiyo nilikuwa nimejipanga, na hili naomba ndugu zangu mlishike: karatasi zote kwenye jalada moja juu ya kiti cha abiria, taa ya ndani imewashwa, mikono juu ya usukani, na neno la kwanza lisiwe bunduki. Neno la kwanza ni mimi ni nani. "Habari za jioni. Mimi ni mwindaji, leseni yangu na kibali cha kuingiza silaha viko kwenye jalada hili. Silaha iko nyuma, haina risasi, imefungwa."

Kijana aliyenisimamisha alibadilika uso hata hivyo. Alirudi nyuma hatua moja, mkono ukashuka kiunoni. Sekunde zile zilikuwa ndefu. Sikusogea. Mwenzake aliyemzidi umri akaja upande wa abiria, akalichukua jalada, akaanza kusoma chini ya taa. Alisoma kurasa zote, ya Kijerumani na ya Kicheki. Akaniomba nishuke, nikashuka, nikatoa ufunguo shingoni, wakafungua wao. Akainama na tochi na kuisoma namba kwa sauti, kijana akiifuata kwenye karatasi. Wakafika ile tarakimu ya nne. "Eins," akasema. Moja. Nikasikia mwili wangu wote unalegea.

Walinishikilia kama dakika arobaini, wakapiga simu, wakarudi, wakanipa jalada langu likiwa limepangwa kama lilivyokuwa. Yule mkubwa aliniuliza mbona nimechukua ya zamani hivi, imeandikwa Czechoslovakia, nchi ambayo haipo tangu mwanzo wa mwaka 1993. Nikamwambia baba yangu alikuwa nayo ya aina hii Tanzania, kazini. Akaitazama tena kabla ya kufunga sanduku, safari hii bila tochi.

Kama ningeileta kutoka nje ya Umoja wa Ulaya, tuseme Uswisi, au Uingereza baada ya kujitoa kwake, kungekuwa na forodha na kodi juu ya yote haya. Kati ya Czech na Ujerumani hakuna ushuru. Kuna karatasi tu.

Siku ya pili asubuhi nilikuwa ofisini kuiandikisha, ingawa nilikuwa na wiki mbili. Sikutaka ilale siku nyingi bila jina.

Baba mdogo alipopata habari alipiga simu kutoka Manyoni. Nyani wamemaliza mahindi, kwa nini nisiipeleke nyumbani nikija likizo, niwaachie? Nilimwambia hapana, na nilimweleza kwa urefu kwa kuwa namheshimu. Kuitoa Ulaya kunataka leseni nyingine kabisa, na kuiingiza Tanzania kunataka kibali chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na hata mimi nikiipata yote hayo, siwezi kumwachia mtu mwingine silaha yenye jina langu kana kwamba ni jembe. Alikasirika wiki nzima. Baadaye alinitumia picha ya uzio wa matawi ya miiba alioujenga, na kijana aliyemwajiri kulinda shamba.

Kwa baba nilipiga Jumapili, saa ambayo najua ametoka kanisani na amekaa barazani. Hakuuliza bei. Aliuliza, "Namba yake?" Nikamsomea. Nikamsikia anapekua, kisha kalamu. Akairudia yote taratibu, nikamwambia ndiyo, baba, ndiyo. Halafu bila kuulizwa akanitajia namba ya ile yake aliyoikabidhi ghalani siku ya kustaafu, kutoka kichwani, bila kukwama.

Nikamwambia ina jambo moja linalonitatiza. Bunduki zote nilizojifunzia hapa, sefti, yaani kizuizi cha kufyatua, ukiisukuma mbele unaweza kupiga. Hii ni kinyume. Nimeshaishika mara kadhaa gizani kwenye kabati na mkono wangu unakosea, naogopa siku nguruwe akitokea nitasahau, au mbaya zaidi, nitadhani nimeifunga kumbe nimeifungua.

"Ya kwangu ilikuwa hivyohivyo," akasema. "Usiikumbuke kwa mkono, ikumbuke kwa mdomo. Mbele inalala, nyuma inaamka. Sema."

Nikasema.

"Tena."